Mama Pamba na Vifungo vya Fundi Jilala

Siku ya kuniaga walinipa kitenge, jagi la chai na picha yangu kubwa ndani ya fremu, ambayo mume wangu ameitundika mahali ambapo kila nikila inanikodolea macho. Kisha wakaniambia niseme neno. Nikasimama, nikasema asanteni, nikakaa. Vijana wa wodi ya wazazi walinuna, maana walishazoea kunisikia nikisema kutwa nzima bila kuombwa. Basi neno lenyewe ndilo hili. Nimeliandika nikiwa nimekaa nyumbani kwangu Bariadi, bila haraka, wala hakuna mtu wa kunigongea dirisha kwamba kichwa kimeshaonekana.

Vyeo nitaviruka, maana vilinijia kwa kuchelewa na mimi sikuvikimbilia. Mshahara nao nauruka, kila mmoja wenu anaujua. Nataka kusimulia habari za mikono: jinsi mikono ya mkunga inavyofundishwa, na jinsi sisi wa hapa tulivyoifundisha kwa makoti ya mitumba, tyubu ya mpira wa miguu na pamba ya kwetu.

Nilianza kazi siku ya mvua. Viatu vyangu vyeupe nilikuwa nimevipaka chaki vikang'aa. Niliposhuka kwenye basi, tope jeusi la mbuga likavivua vyote viwili kabla sijauliza njia ya hospitali, nikaingia wodini peku. Mkunga mkuu alikuwa Sista Holo, mama mfupi, mpana, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuswaga ng'ombe. Akaitazama miguu yangu.

"Mwangaluka, mwanangu," akanisalimu. "Viatu utavikuta. Tope letu halivai."

Akanipa aproni, kazi ikaanza.

Kwa muda mrefu kazi yenyewe ilikuwa kusimama nyuma ya bega lake. Ndivyo tulivyofundishwa wote. Unachungulia, unaona mgongo wa mkubwa wako, unaona viwiko vikienda na kurudi, na mikono, ambayo ndiyo somo, huioni. Siku Sista Holo alipougua malaria na mimi nikabaki peke yangu na mama wa uchungu, nilijikuta najua kila neno la kitabu na sijui vidole viende wapi. Mungu akasaidia, na yule mama mwenyewe, aliyekuwa amezaa mara nyingi kuliko mimi nilivyozalisha, akanielekeza. Nilipomsimulia Sista Holo alicheka kitandani mpaka akakohoa.

"Macho yako yamehitimu," akasema. "Mikono yako bado iko darasa la kwanza."

Alistaafu kabla sijamaliza kumchosha kwa maswali. Wodi nikaachiwa mimi, pamoja na wanafunzi waliokuwa wakiletwa kutazama bega langu.

Ndipo ikaja miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Ninyi mmezaliwa mkayakuta maduka yamejaa, hamjui jinsi ilivyokuwa ajabu kuona sabuni za rangi tatu kwenye rafu moja. Wanunuzi binafsi wa pamba walipita vijijini wakigombea mizigo, na wakulima waliokuwa wamezoea kubembeleza wakabembelezwa. Marobota ya mitumba yakafunguliwa sokoni. Na hospitalini nako tukaambiwa wagonjwa waanze kuchangia, kwa hiyo mama alikuja kujifungua na kanga zake, wembe wake na glavu zake, kama mtu anayehamia.

Ruksa ilileta pia mwanasesere. Chuo kimoja ambacho sitakitaja kilikuwa kimepokea kutoka ng'ambo sanamu ya mpira ya kufundishia uzazi, nusu ya mwili wa mwanamke, mzungu, mtulivu sana. Nilipelekwa kumwona. Alikuwa ndani ya kabati lenye kioo na kufuli, kwa sababu akichanika hakuna wa kumlipa. Tulimtazama, tukamsifu, tukarudi nyumbani. Nikawaza njiani kwamba na huyu naye ametuonyesha bega.

Sasa nifike kwa Kabula, kwa sababu bila yeye haya yote yangeishia kwenye mawazo ya njiani. Kabula alikuwa binti wa Ngulyati, wa familia ya wakulima wa pamba, mwimba kwaya, mpole, aliyefaulu vizuri chuoni. Alipitia wodini kwangu, kisha akapangiwa zahanati moja upande wa Mwamapalala. Alikuwa peke yake na mhudumu mmoja. Hazijapita mvua mbili, mama mmoja wa huko alijifungua salama, halafu mfuko wa uzazi ukakataa kukaza, damu ikawa haisimami. Kabula alibonyeza, akaogopa, akaachia, akabonyeza tena. Mkokoteni wa ng'ombe ulipofika, mama alikuwa ameshakwenda zake.

Alikuja kwangu asubuhi, sare ameikunja vizuri ndani ya mfuko wa plastiki.

"Sista Minza, nimekuja kurudisha."

"Kaa kwanza, unywe chai."

"Chai sitaki. Swali la damu baada ya kujifungua lilikuja kwenye mtihani, nilipata zote. Nilijua kila kitu, Sista. Mikono ndiyo haikujua." Akaitazama kama ya mtu mwingine. "Naenda kwa shangazi yangu sokoni. Ana banda la mitumba. Nguo hata ukikosea haifi."

Nililia naye, sioni aibu kusema. Nilijua pia, wakati nalia, kwamba akiondoka, akina mama wa upande ule watarudi kuzalia nyumbani, maana hakuna mwingine aliyekuwa tayari kwenda kule. Nikamwomba anipe muda. Akauliza wa kufanya nini. Nikasema sijui bado, na lilikuwa jibu la kweli.

Nilimpelekea habari hizo Daktari Kamugisha, daktari wetu, Mhaya aliyekuja Bariadi akidhani atakaa kidogo na akaishia kujua bei ya ndama. Alikuwa anapenda kuchora. Kila alipoongea na mtu, kipande cha karatasi kilijaa nyonga na mifupa. Alinisikiliza, akachora, akasema, "Kwa nini mama wa watu awe ndiye daftari la mazoezi? Tutengeneze mama wetu wenyewe."

Tulichotengeneza sisi wawili kilifanana na ndoo iliyolala juu ya godoro, kwa sababu ndicho kilichokuwa. Daktari anajua mwili unavyofanya kazi, mimi najua unavyohisiwa mkononi, lakini hakuna aliyetufundisha kushona wala kuziba kitu kisivuje. Tukakubaliana tutafute mafundi.

Fundi Jilala alikaa na cherehani yake barazani pa duka moja sokoni. Kazi yake wakati huo ilikuwa kufumua yale makoti mazito ya mitumba yaliyoletwa kwetu, sijui kwa mawazo gani, na kuyageuza mabegi ya shule. Alikuwa mtu mzima, mfugaji, mwenye adabu za zamani. Nilipomwambia nina kazi inayohusu akina mama, alisimamisha cherehani, akaniita mama kwa Kisukuma.

"Mayu, kabla hujasema, niambie kwenu ni wapi na baba yako ni nani."

Nikamtajia. Akafuata ukoo wangu taratibu, shangazi hadi shangazi, mpaka akaridhika.

"Basi hatuna ukwe mimi na wewe. Sema."

Wasio wa kwetu huenda wasielewe. Mwanamume wa Kisukuma wa rika lake hatazamani uso kwa uso na mama mkwe wake, sembuse kuzungumza naye mambo ya uzazi. Lakini hata baada ya kuhakikisha mimi si mkwe wake, nilipoanza kueleza njia ya uzazi alijifunika uso kwa kitambaa alichokuwa anashona.

"Mayu, hayo nikiyasikia hivyo mkono hautashika sindano. Tuseme ni ng'ombe."

"Sawa, fundi. Tuseme ni ng'ombe."

Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi. "Ng'ombe huyu akizaa, hapa panapanuka kiasi gani?" "Kiasi hiki, fundi." "Na mfuko wake ukishatoa ndama unabaki mkubwa?" "Unabaki kama hivi, halafu unatakiwa ukaze." Daktari naye akajifunza kusema hivyo hivyo, kwa Kiswahili chake cha Bukoba. Mpita njia mmoja alitusikia, akaniuliza kama nina mtamba wa kuuza.

Fundi alitafuta koti la ngozi kwenye marobota, akaonyesha kwamba upande wake wa ndani, ukipakwa mafuta, unateleza kama inavyotakiwa. Nyonga alichonga seremala kwa mchoro wa Daktari. Mfuko wa uzazi ulitusumbua, mpaka nilipomchukua Masunga, fundi baiskeli wa jirani yake, kijana mchangamfu asiye na haya hata kidogo, tukashukuru. Masunga ndiye aliyesema tutumie tyubu ya ndani ya mpira wa miguu. Ikiwa haina upepo inalegea, ukiipuliza kwa pampu ya baiskeli inakaza mkononi. Akapitisha mpira wa dripu katikati ya vipande viwili vya ngozi, kwa namna ambayo ukibana kwa mkono mmoja maji mekundu yanaendelea kutoka. Ni mpaka mkono mmoja uwe ndani umekunjwa ngumi, mwingine juu ya tumbo, na mfuko ubanwe katikati, ndipo yanasimama. Ukilegeza, yanarudi. Nilipojaribu mara ya kwanza nilinyamaza. Ilikuwa ndiyo yenyewe.

Tumbo tulilijaza pamba, nayo tulipewa bure na ndugu zake Kabula wa Ngulyati. Ilikuwa pamba mbegu, jinsi ilivyotoka shambani. Daktari akapapasa, akakunja uso.

"Hongereni," akasema. "Mmetengeneza mama mwenye uvimbe sehemu zote."

Tukafumua, tukaomba pamba iliyochambuliwa kiwandani. Kwa ajili hiyo yule mama wa bandia akaitwa Mama Pamba, na jina likashika.

Kilichobaki ni kondo la nyuma. Hapo ndipo tulipopata msiba wetu mdogo. Kwetu mwanamume haoni kondo la binadamu. Bibi analipokea, analizika, na habari imekwisha. Mimi na Daktari tulikuwa tumeliona mara nyingi mno hata hatukukumbuka kwamba Fundi Jilala hajaliona kamwe, na kwa kuwa tulisema "ng'ombe" kwa kila kitu, hakuona sababu ya kuuliza. Siku ya kuonyesha kazi, wauguzi wote wamekusanyika, alikifungua kifurushi chake kwa heshima. Kitambaa chekundu cha flaneli, kirefu, kimeshonwa kwa uangalifu mkubwa, na juu yake vifungo vya makoti, vikubwa vyeusi, vimesambaa kila mahali. Upande wa ndani wa mfuko alikuwa ameweka matundu yake, kila kifungo na tundu lake.

"Fundi," Daktari akauliza, "hivi vifungo vya nini?"

"Ng'ombe gani asiye na vifungo?"

Na ni kweli. Mliokulia kwenye zizi mnajua, kondo la ng'ombe limejishika kwa vinundu vingi, kimoja kimoja, kama koti. La binadamu ni sahani moja. Daktari alicheka mpaka akavua miwani, wauguzi wakaegemeana, hata Masunga akakaa chini. Mimi nilicheka kuliko wote. Fundi Jilala alitutazama, akavaa kofia yake, akaondoka bila kuaga.

Hakurudi. Kesho yake nikiwa peke yangu nafungasha vitu, nilianza kulifungua lile kondo lake ili nimrudishie kitambaa. Nilivuta, likatoka, isipokuwa sehemu moja ambapo kifungo kilikataa na flaneli ikachanika. Kipande kikabaki ndani. Nilikaa nikakitazama. Kipande kama kile, kikibaki ndani ya mama bila mtu kujua, ndicho kinachomfanya avuje damu wakati wenzake wanakunywa uji. Tulikuwa tunawaambia wanafunzi kila siku wakague kondo kama limetoka zima, nao wanasema ndiyo, kwa sababu lililoko mbele yao kila mara ni zima.

Nilimkuta barazani pake, cherehani inakimbia kwa hasira.

"Fundi, nimekuja kuomba vifungo zaidi."

"Mayu, mmeshanicheka. Inatosha."

"Tumekucheka, na tulikosa adabu. Sikiliza lakini. Ng'ombe huyu wetu hana vifungo, ila kipande cha kondo lake huweza kubaki ndani, na kikibaki anakufa. Vifungo vyako vinaweza kunifichia kipande. Nitajua nani anakagua na nani anajifanya anakagua."

Cherehani ikapunguza mwendo, ikasimama.

"Kwa hiyo ng'ombe wangu amefaa."

"Amefaa sana."

"Wabeja," akashukuru. Kisha, kwa sauti ya fundi, "Basi hivi vya koti havifai. Nitafutie vya kubonyeza."

Akashona upya, sahani moja ya mviringo yenye vipande vya kubandua kwa vifungo vya kubonyeza, na mpaka leo sijaona cha kiwandani kinachofundisha ukaguzi kuliko kile. Daktari Kamugisha alikwenda mwenyewe kuomba radhi, na kuonyesha moyo safi akaagiza suruali. Ilikuja mguu mmoja mrefu kuliko mwingine. Fundi alisema ni bahati mbaya. Mimi nina mashaka yangu.

Ndipo nikamtafuta Kabula. Alikuwa bandani kwa shangazi yake anapanga blauzi. Alikuja kwa ajili ya heshima tu, na alipomwona Mama Pamba juu ya meza, maji mekundu tayari kwenye chupa, akageuka kuondoka. Sikumshika. Nilichofanya ni kuingia chini ya meza na pampu yangu ya baiskeli, nikaanza kulalamika kwa Kisukuma kama mama yeyote wa kwetu mwenye uchungu, huku nikimtukana mume wangu na ukoo wake. Nikasikia hatua zimesimama. Halafu, na hii ndiyo raha yake, nikasikia anacheka.

"Mwangaluka, mayu," akasema.

"Mwangaluka ya nini, mimi nakufa huku!"

"Hufi. Nipo."

Akavaa glavu. Mara ya kwanza aliachia upesi, maji yakamwagika mpaka kwenye mgongo wangu. Mara ya pili vilevile. Aliniambia kutoka juu kwamba mikono inachoka, nikamjibu kutoka chini kwamba ichoke ikiwa imeshika. Lakini alirudi siku iliyofuata, na iliyofuata, blauzi zikabaki na shangazi. Niliweka pampu mkononi na sikuipuliza tyubu mpaka nione amebana sawasawa kwa muda wa kutosha. Siku alipohisi ile tyubu inakaza kati ya mikono yake, alinyamaza kama nilivyonyamaza mimi, kisha akauliza, "Ndivyo inavyokuwa?"

"Ndivyo."

"Hakuna aliyeniambia kwamba unaisikia."

Hakuna aliyeweza kumwambia. Hilo huambiwi.

Nisiwadanganye kwamba kila kitu kilikwenda vizuri. Damu yetu ya mwanzo ilikuwa unga wa juisi ya kwenye pakiti, rangi yake nzuri kabisa, na wikiendi moja sisimizi waliingia ndani ya Mama Pamba kwa mstari kama wanaokwenda ibadani. Tukahamia rangi ya kitambaa. Wageni kutoka mbali walikuja wakamwona, wakapiga picha nyingi, wakasema watatuandikia. Tunasubiri. Na mzee mmoja wa kijiji alikataa binti yake afundishwe kwenye "mwili usio na mwenyewe," mpaka Fundi Jilala alipokwenda kumwonyesha lebo ya koti, akakubali kwamba mwenyewe alikuwa mzungu fulani aliyeona baridi.

Kabula alirudi zahanati yake. Alipochukua ile sare kwangu alisema jambo moja, bila kupandisha sauti. "Nakwenda, Sista. Lakini ikitokea tena nikaachia, usinitafute. Sitarudi tena kwenye kazi hii." Nikasema nimeelewa. Nilikuwa nimeelewa vizuri mno, ndiyo maana kila gari lililotoka upande wa Mwamapalala nilimtazama dereva wake usoni kabla hajasema neno.

Nitaruka sasa miaka mingi. Tulishona akina Mama Pamba wengine, tukawagawa kwenye vituo vya afya, kila mmoja na pampu yake. Daktari Kamugisha alihamishwa. Fundi Jilala alipata wanafunzi wa cherehani, akawafundisha kushona kondo bila kusema ni nini, na sijui wao walidhani wanashona nini. Bariadi ikawa makao makuu ya mkoa, bodaboda zikaenea, vikaja vifaa vya kisasa ambavyo ninyi mnavitumia, vyenye umeme na sauti, na navipenda, ingawa havijui kutukana ukoo wa mume. Nimeridhika na kazi yangu. Nikiulizwa kama ningeianza upya ningesema ndiyo, ila viatu ningevibeba mkononi. Lakini sitaki kumalizia hapo. Nataka nirudi nyuma, kwenye msimu wa pamba uliofuata baada ya Kabula kurudi kazini, siku moja mchana.

Nilikwenda na gari la chanjo kukagua zahanati za upande ule. Tulipofika kwake palikuwa na watu nje, kimya, na ukimya wa namna ile mkunga anaujua. Mwanamume kijana alisimama ameshika fimbo kwa mikono miwili, na mama yake amekaa kwenye benchi, kanga mdomoni. Niliwapita bila salamu.

Ndani, sakafu ilikuwa na damu. Mama alilala kitandani, midomo imempauka. Mhudumu alikuwa anahangaika kutundika dripu kwa mkono mmoja, mwingine umembeba mtoto. Na Kabula alisimama kati yao, mkono mmoja ndani, mwingine juu ya tumbo, mabega yamepanda, jasho linamtiririka puani na hana wa kumfuta.

"Sindano?" nikauliza.

"Nimeshamchoma. Bado mfuko haujakaza."

Nilivaa glavu. Nilichowaza ni kimoja tu, kwamba huyu binti asiwe peke yake safari hii. Nikasogea. "Nipishe, Kabula. Nimefika. Niachie mimi."

Hakunitazama.

"Hapana, Sista. Nimeshika. Nikikupisha itafunguka. Mpokee mtoto, mhudumu apate mikono."

Miaka yangu yote ya kazi hakuna mwanafunzi aliyekuwa amewahi kunikatalia kitanda. Nilisimama pale na glavu zangu, mkufunzi mzima. Kisha nikazivua, nikampokea mtoto. Mhudumu akafunga dripu. Chumba kilikuwa kidogo na mimi nilikuwa naziba njia, nikatoka nje.

Yule kijana mwenye fimbo alinijia. "Daktari, mke wangu anaendeleaje?"

"Daktari yuko ndani," nikamwambia.

"Na wewe?"

"Mimi nimepewa mtoto nimshike."

Nikakaa kwenye benchi kando ya mama yake kijana, bibi wa mtoto. Mtoto alikuwa msichana, mzito, ana hasira. Nilisikia sauti ya Kabula kupitia dirishani, haipandi wala haishuki: "Niongeleshe, mayu. Usilale. Niambie mtoto utamwitaje." Mama hakujibu. "Niambie." Hakujibu. Bibi alianza kuomba kwa sauti ndogo, nami nikaomba naye, tukichanganya maneno yake na yangu. Mtoto alilia, nikampa kidole, akakikataa. Nilijua kinachoendelea mle ndani kwa kila dakika, mikono inavyowaka, viwiko vinavyotaka kufunguka, na sikuweza kumsaidia kwa lolote. Nilikuwa nimemfundisha. Kilichobaki kilikuwa chake.

Halafu Kabula alinyamaza. Nikafumba macho.

Na ndani ya ukimya ule nikasikia sauti nyingine, dhaifu, ya mtu aliyechoka na mwenye kinyongo.

"Yule mama aliyeondoka na mwanangu ni nani? Mbona hamrudishi?"

Nikasimama, nikampelekea.